Viazi Ndani ya Begi la Kipa

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni, na huko nje mtaa wa Free Area ulikuwa bado giza. Jelagat alipunguza moto. Zamani alicheza mpira wa magongo wa kulipwa Ubelgiji. Sasa alikuwa kocha wa chuo kimoja Nakuru. Leo mabinti aliowatafuta vijijini wangejaribiwa, na watakaofaulu wangesoma bure.

Alifungua zipu ya begi la kipa. Pedi hazikuwamo. Helmeti haikuwamo. Begi lilijaa viazi.

Kulipopambazuka Inspekta Khisa alimkuta mezani, na Gedion, msimamizi wa michezo chuoni, amemsimamia.

"Msimu uliopita magongo yalipotea kwake," Gedion alisema. "Sasa hii. Mkuu wa chuo amesema akipoteza tena, kazi imeisha."

Khisa alimtazama kocha. "Begi lililala wapi?"

"Kwa gari."

"Mlango umevunjwa?"

"Hapana."

"Ufunguo ni wa nani?"

"Wangu."

"Na hukuona begi limebadilika?"

"Uzito ulikuwa ule ule, afande."

"Umeuza vifaa, kocha?"

Macho ya Jelagat yalilowa. "Niuze kitu watoto wanangojea?"

"Viazi alinunua barabarani," Gedion alidakia. "Anatuona wajinga."

Khisa alipiga magoti akavimwaga sakafuni, taratibu. Vilikuwa na udongo mbichi. Hakuna kilichokatwa na jembe. Chini kabisa palitandikwa nyasi kavu, visichubuke.

"Gedion, ukinunua barabarani, vikubwa vinakaa wapi?"

"Juu. Vidogo vinafichwa chini."

"Hapa ni vikubwa mpaka chini. Na mwizi wa kawaida angeweka mawe." Aliinuka. "Huyu alikupenda, kocha. Jana ulitembelea nani?"

"Kihoto, kwa kina Njuguna. Halafu Kuresoi, kwa bibi mmoja, kogo Jerotich. Mjukuu wake Jepchumba ndiye kipa."

"Kihoto wanalima viazi?"

"Maji ya ziwa yako mlangoni. Walime wapi?"

"Na Kuresoi ulifunga gari?"

"Afande, utafungaje gari kwa watu wanaokupikia chai?"

Huko Kuresoi, Jerotich hakuuliza kocha na polisi wamefuata nini. Aliwapa viti, akamimina chai. Jepchumba alisimama mlangoni, viatu vya mchezo vimeshafungwa kamba.

"Mama, jana wakati wa chai ulitoka nje?" Khisa aliuliza.

"Nilitoka. Ng'ombe alilia."

"Ulilifikia gari la kocha?"

"Gari sijui kufungua, kijana wangu."

"Hakuna mtu amesema lilifunguliwa."

Bibi aliweka kikombe chini.

"Viazi ni vya shamba lako?"

"Kogo?" Jepchumba aliita.

"Ni mimi," bibi alisema. "Pedi na helmeti ziko chini ya kitanda. Nimezifunika kwa leso ya kanisani, zisiingie vumbi."

"Kwa nini?"

"Bila hizo hawangemjaribu. Angebaki. Mama yake alienda shule huko mjini, akapata kazi, akapata mume. Anapiga simu tu. Huyu akienda, nitaongea na nani hapa? Na kuku?"

"Na viazi je?"

Alimtazama Khisa kama ameulizwa jambo la kitoto. "Amekuja kwangu mgeni. Nimwache aende na begi tupu?"

Khisa alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akatoka nje, akapiga simu. "Gedion, vifaa vipo vyote. Kocha hana kosa. Mwambie mkuu sasa hivi, kabla hujanywa maji."

Ndani, Jepchumba alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kwenye magoti ya bibi yake, analia. Hakuwa amefungua viatu.

"Nitafungwa, afande?" bibi aliuliza Khisa aliporudi.

"Kocha ndiye mlalamishi."

"Mimi sina malalamiko," Jelagat alisema. "Watajaribiwa mchana. Lakini simchukui kama wewe hutaki, kogo."

Bibi alipapasa nywele za mjukuu. Hatimaye akamwinua.

"Nenda, mama. Usiwape bao."

Jepchumba alibeba pedi na helmeti; bibi akawasindikiza mpaka garini, akaushika mlango wa Jelagat kwa mikono miwili usifungwe.

"Makocha huja nyumba yenye mtoto wa kuchukua," alisema. "Mimi sina mwingine. Lakini uje tena, kocha. Uje tu."