Taa Nyekundu Iliyozimwa

Kila siku ya likizo, Kasuku alimpelekea mama yake chakula kwenye kinu cha kusaga unga. Jina hilo alipewa kwa sababu ya maneno mengi. Alikuwa na miaka kumi na miwili na kunyamaza hakukujua. Mama yake alikuwa fundi mitambo pale. Mjomba wake ndiye aliyekiendesha kinu.

Kinu kile kilijitia grisi chenyewe. Pampu ndogo ilisukuma grisi kwenye mabomba membamba hadi kwenye kila beringi, yaani pete ya chuma inayoshikilia mhimili unaozunguka, ili vyuma visilane. Bomba likiziba, taa nyekundu iliwaka na kinu kikasimama.

Siku hiyo taa iliwaka tena na tena. Magunia yalikuwa yamerundikana, wateja wananung'unika, na Mama alikuwa ametoka kununua vipuri. Mjomba akafungua kisanduku cha swichi, akaunganisha nyaya mbili. Taa ikazimika, kinu kikaunguruma.

"Hili libaki kati yetu, mpwa wangu," alisema, akimkonyeza. Kasuku akacheka. Aliona ni ujanja tu.

Mama aliporudi, alikuwa akikatiza kando ya kinu, akasimama kidogo ili amsalimu mwanawe. Papo hapo mlio mkali ukatikisa jengo. Beringi ilikuwa imekwama. Moshi ukafuka, mkanda wa kuzungushia kinu ukakatika na kuchapa ukuta pale Mama alipotaka kukanyaga. Plasta ikaporomoka. Mama alibaki kama aliyepigiliwa misumari, uso umejaa unga. Mjomba alikimbia kuzima umeme. Kasuku alimkimbilia mama yake.

Baadaye Mama alifunga swichi kuu kwa kufuli, akaanza kutafuta chanzo. Alifungua bomba moja moja kwenye beringi, akisukuma pampu kwa mkono. Kila bomba lilitoa grisi laini, isipokuwa la beringi iliyoungua. Akalifungua upande wa pampu. Huko grisi ilifika vizuri. Basi kilichoziba kilikuwa ndani ya bomba lenyewe. Alipolichokoa kwa waya, kikadondoka kipande cheusi cha grisi iliyokauka kama jiwe.

Lakini jambo moja lilimtatiza. Hakuelewa kwa nini taa haikuwaka. Alisema labda yeye ndiye aliyekosea kuunga nyaya za taa, na angemweleza meneja hivyo.

Kasuku akamtazama mjomba wake. Mjomba alikuwa akifagia plasta, wala hakuinua kichwa. Mama angebeba lawama isiyo yake. Hata ule mkanda haukumshtua kiasi hicho.

"Mama, taa iliwaka," alisema. "Mjomba aliizima. Mimi nilikuwepo, nikacheka."

Ufagio ukasimama. Mjomba akajibwaga juu ya gunia, akakiri yote kwa sauti ya chini, kisha akaenda mwenyewe kwa meneja. Aliondolewa kwenye kinu, akapewa kazi ya kupakia magunia. Beringi mpya ilifungwa, na zile nyaya zikarudishwa zilivyokuwa. Kabla ya kuanza kusaga, Mama aliziba bomba makusudi ili kuipima taa. Taa ikawaka, kinu kikasimama. Ndipo akalizibua.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mama alimshika mkono.

"Ulichelewa kusema, mwanangu, lakini umesema. Ukiona jambo la hatari, liseme pale pale, hata kama anayelifanya unampenda."

"Hata akiwa ni wewe?"

"Nikiwa ni mimi, usingoje hata kidogo."