Jina la Dawa Nililomficha Dada Yangu

Nina miaka arobaini na tisa, mke mmoja na watoto sita, na nyumba ya matofali hapa Bunia niliyoijenga kwa jasho langu. Nasema haya ili mjue kwamba anayewaandikia si mtu wa kuokotwa njiani. Baba yangu alikuwa mkulima. Nilivuka mpaka kwenda Uganda bila viatu, nikarudi miaka ya sabini na diploma ya uuguzi. Diploma, wasomaji! Wakati ule tuliokuwa nayo mjini tulihesabika kwa vidole.

Nilifungua dispansere yangu. Wagonjwa walijaa mpaka barazani. Waliniita Dokta, nami sikuwasahihisha.

Mtaa wa pili alikuwapo Lobho, muuguzi mzee aliyefundishwa kazi na wamisionari, asiye na diploma yoyote. Kila mgonjwa aliyepita mlango wangu kwenda kwake nilimwona kama ameniibia. Basi nikaanza ujanja. Nilibandua karatasi za majina kwenye chupa zote za dawa kwa maji ya moto. Wagonjwa walipoleta kaye zao, yale madaftari ya matibabu, niwaandikie dawa waliyopata, kama ilivyo desturi yetu, niliwarudishia tupu. Wala mimi mwenyewe sikuweka fishi, kadi ya kumbukumbu za mgonjwa, ya mtu hata mmoja. Niandike ili Lobho asome ujuzi wangu bure? Kila kitu kilikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu hakikuwahi kunidanganya.

Dada yangu mdogo, Lotsove, aliuza sokoni samaki wakavu wa Tchomia. Tumbo moja, ziwa moja. Siku moja nilimchoma penisilini kwa ajili ya jipu. Kabla sijaweka sindano chini, midomo ilivimba, pumzi ikaanza kukatika... Nilimchoma dawa nyingine haraka, akarudi. Tangu hapo nilijua kwamba penisilini ni sumu mwilini mwake. Nilijua mimi. Yeye hakujua!

Alipopata nguvu alininyooshea kaye yake, akaniita Yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Yaya, uniandikie jina ya ile dawa ilitaka kuniua."

"Ya nini? Miye niko hapa."

"Na siku weye hauko?"

"Basi usipate ugonjwa ile siku!"

Akanipiga begani. "Dokta ya kiburi!" Tukacheka wote wawili... Ee Mungu wangu, tulicheka!

Msimu wa mvua nilikwenda Kisangani kununua dawa. Wakati wa kurudi, lori letu lilizama matopeni karibu na Mambasa, tukakaa siku tisa. Siku hizo hizo Lotsove alichomwa mguuni na mwiba wa samaki. Mguu ukavimba, homa ikapanda. Alikuta dispansere yangu imefungwa, akaenda kwa Lobho.

Lobho alimuuliza kama kuna dawa ambayo mwili wake unaikataa. Akajibu kwamba iko moja, ila kaka yake hakumwambia jina. Lobho akatuma mtu kwa mke wangu aombe fishi. Mke wangu alifungua kabati... akaona chupa zenye uso mtupu, bila hata herufi moja, wala fishi yoyote. Walingoja siku nzima, labda nitatokea. Asubuhi iliyofuata homa ilikuwa inamchanganya akili. Lobho akamchoma penisilini, kama muuguzi yeyote angefanya kwa mguu wa namna ile. Saa sita mchana haikumkuta hai.

Nilifika matangani na tope likiwa bado magotini. Ukoo mzima ulinigeukia: wewe uliyesoma, tuambie, nani ameua mtoto wetu? Nilijua jibu. Je, nililitoa?

Nilisema: "Ni Lobho. Ni mutu hakusoma. Alimupa dawa yeye mwenyewe haijui."

Vijana wa ukoo walikwenda wakavunja mlango na vitanda vya Lobho. Juma lile lile alihamia kijijini Bule, godoro juu ya baiskeli, mke na watoto nyuma kwa miguu. Nilisimama nikiwatazama... Kesho yake wagonjwa wake wakaja kwangu!

Miaka minane niliishi na uongo ule. Nilinenepa, lakini usingizi ulinikimbia. Mwaka jana nilishindwa, nikaenda Bule. Nilimkuta Lobho akipalilia maharage, kichwa cheupe. Nilipiga magoti udongoni nikasema yote. Hakushangaa.

"Nilijua," akasema. "Ile siku niliandika yote mu kaye yangu. Nilimuuliza nini, alinijibu nini, nilichoma saa gani. Nikapeleka kwa wazee ya ukoo wenu."

"Wakasema nini, muzee?"

"Walisema, nani atasoma kaye ya mutu hana diploma, na Dokta amekwisha kusema?" Akarudia jembe lake. "Rudia kwako, Dokta. Lotsove aliacha watoto. Ambia wao, hapana miye."

Niliwaambia. Binti yake mkubwa, niliyemlea mwenyewe, hajakanyaga nyumbani kwangu tangu siku hiyo. Tukikutana sokoni anavuka njia. Simlaumu.

Ninyi mnaofungua dispansere zenu, nawasihi, andikeni! Andika jina la mgonjwa, andika dawa uliyompa, andika zaidi ile iliyomdhuru, kisha umpe kaye yake aende nayo popote, hata kwa muuguzi unayemdharau. Nawe mgonjwa, usikubali kutoka kwa muuguzi na kaye tupu, hata kama muuguzi huyo ni ndugu yako... Hasa kama ni ndugu yako!