Maziwa Hayaoshi Moshi

Asubuhi moja huko Kisarawe, Swaumu alikuwa uani akibangua korosho. Alikuwa amejipaka majivu mikononi ili mafuta ya maganda yasimbabue. Tumbo lake lilikuwa la miezi mitano. Pembeni yake mumewe, Kibwana, alivuta sigara, kisha akanywa kikombe cha maziwa.

"Baba Ashura, moshi huo tunauvuta na sisi," Swaumu alisema. "Mimi na huyu wa tumboni."

"Kifua nimeshakiosha, mama. Maziwa yanashusha uchafu wote. Na babu Abdala je? Kavuta msokoto wa tumbaku mpaka miaka tisini!"

Swaumu akaendelea kubangua, lakini moyo haukutulia. Mimba iliyotangulia, baada ya binti yao Ashura, ilitoka, na hakujua sababu.

Jirani yao Atupele, anayefanya kazi maabara huko Kibaha, alikuwa akipita. Akasimama.

"Shemeji, maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda mapafuni, unaingia kwenye damu."

"Ah, daktari wetu! Kwani mwili haujisafishi wenyewe?"

"Unajaribu. Hapo ndipo penye hatari." Atupele akaokota korosho. "Hii ikiwa nzima inababua?"

"Haibabui," Swaumu alijibu. "Ukiibangua ndiyo mafuta yanaruka."

"Basi sikilizeni. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli kuna vipokezi. Kipokezi kikidaka sumu ya moshi, kinaiamsha seli iibangue ili itoke. Lakini sumu nyingine zikibanguliwa zinakuwa kali zaidi. Zinarukia vinasaba. Vinasaba ni maagizo ya kuujenga mwili. Maagizo yakiharibika, kansa inaweza kuanzia hapo."

"Na babu?"

"Vipokezi vya watu havifanani. Babu yako alinusurika. Wewe umepewa vya namna gani, shemeji? Na huyu wa tumboni?"

Kibwana akalitazama tumbo la mkewe.

"Ukiacha, seli hutengeneza baadhi ya yaliyoharibika," Atupele alisema. "Nenda zahanati, watakusaidia."

Kibwana alikwenda. Lakini kuacha si lelemama. Mara mbili aliteleza, akavuta na wenzake kijiweni, akarudi nyumbani akiona haya. Swaumu hakumsimanga.

"Anza tena leo, Baba Ashura," alimwambia.

Mara ya tatu akaacha kweli. Kikohozi chake cha asubuhi kikapungua. Swaumu akahesabu miezi kwa hofu, mpaka akajifungua salama mtoto wa kilo tatu.

Siku ya saba, uani palijaa wageni wa shughuli ya mtoto. Ally, mdogo wake Kibwana, akatoa sigara mbili.

"Kaka, leo furaha! Vuta moja!"

Swaumu, akiwa mlangoni na mtoto, aligeuka kumtazama mumewe.

Kibwana akazichukua zote mbili, akazivunja.

"Mwenye shughuli ana siku saba tu, mdogo wangu. Hana mdomo wa kukuomba usimvutishe moshi. Namsemea mimi."