Simu ya Olzhas Haipatikani

Olzhas alitoka nyumbani Jumanne, saa moja asubuhi, akaacha nusu kikombe cha chai mezani. Alikuwa jasusi wa Idara, akifuatilia lori la pembe za magendo za swala wa nyika, kuelekea mpakani.

Walimrudisha Alhamisi, amefunikwa.

Bastola ilirudi. Saa ya mkononi ilirudi. Simu haikuonekana.

Raushan, mkewe, alikuwa jasusi wa Idara hiyo hiyo. Alimzika mumewe, kisha akaomba kuimaliza kazi ile. Picha zote za lori na wenye mali zilikuwa ndani ya seva ya nyumbani, kisanduku cheusi alichokiunda Olzhas na kukiweka chini ya rafu ya viatu.

Picha hizo zilikuwa zikitoweka. Moja wiki hii, tatu wiki ijayo.

Zikiisha, waliomuua mumewe wangebaki huru.

Wiki ya tano alimpigia Viktor Pak, fundi mzee wa Idara. Seva huandika kila tukio kwenye daftari lake, na Pak alikuwa amelisoma hadi macho yakamuuma.

"Mstari mmoja, mara laki moja," alisema. "Mbwa anayebweka kutwa nzima, mwanangu, mwizi humpita kifua mbele."

"Mstari gani?"

"'Simu ya Olzhas haipatikani.' Kila nusu dakika. Seva ilizoea kunakili picha za simu yake akiingia mlangoni. Bado inamtafuta."

Raushan aliujua mstari huo. Kuna jioni aliwasha kioo cha kompyuta ili autazame tu ukija. Katika nyumba ile, hakuna kingine kilichokuwa bado kikilitaja jina la mumewe.

"Uchuje," Pak akasema polepole. "Tuone kilichozikwa chini yake."

Akauchuja.

Mistari laki moja ikawa sitini. Joto la diski. Umeme kukatika. Kisha huu:

Simu ya Olzhas imepatikana. Ijumaa, saa sita na dakika nne mchana.

Raushan aligeuka kutazama mlango.

Kwa pumzi moja alikuwa mke tu. Kisha ujasusi ukamrudia. Wafu hawachaji simu.

Mstari huo ulijitokeza mara nne, Ijumaa nne. Nyuma ya kila mmoja: picha imefutwa.

Kila Ijumaa mchana Raushan alikaanga mikate saba ya kumwombea marehemu, akaigawa kwa majirani saba ingali moto, ghorofa hadi ghorofa. Mlango aliurudishia tu. Aliyeijua saa hiyo vizuri ni Tulegen, mwenzake Olzhas kazini, aliyekuja kila Ijumaa kula mkate na kufuta machozi.

Na seva iliitii simu moja tu, ile ya Olzhas.

Ijumaa iliyofuata alikaanga mikate saba. Akatoka na sinia, akapanda ghorofa moja, akasimama. Chini ya kitambaa, kando ya mikate, palikuwa na bastola ya Makarov.

Kifaa sikioni kikakwaruza.

"Imepatikana," Pak akasema.

Raushan akashuka, akasukuma mlango.

Tulegen alikuwa amechuchumaa mbele ya kisanduku, amevaa soksi, simu ya Olzhas mkononi. Viatu vyake alikuwa amevipanga vizuri kizingitini.

"Shemeji. Umewahi leo."

"Iweke chini."

"Hii? Niliiokota. Nilikuwa nakuletea."

"Mara ya tano hii unaniletea?"

Mkono wa Tulegen ukateleza kuelekea koti. Makarov ikatoka chini ya kitambaa.

"Taratibu, shemeji," Raushan akasema. "Zulia hilo alilinunua yeye."

Mkono ukasimama.

Vijana wa Idara walimteremsha kwa ngazi. Nakala za picha zilizosalia Pak alikuwa nazo tangu Jumatano, na zilitosha: alasiri hiyo lori likakamatwa mpakani pamoja na wenye mali. Simu ikatiwa kwenye mfuko wa ushahidi.

Raushan aliinua sinia, akaenda kugawa mikate. Ule wa saba ulikuwa umeshapoa. Jirani aliupokea hivyo hivyo, akaomba dua.

Jioni Pak aliuliza kama airudishe ile mistari.

"Hapana," Raushan akasema.

Siku hizi seva huandika mistari minane kwa siku. Jina la Olzhas halimo.