Wimbo wa Karani

"Tutafungua na Wimbo wa Karani," Kinyozi alisema, huku akifuta tarumbeta lake kwa taulo la saluni.

Nikasimama palepale na sinia la vikombe mikononi.

"Wimbo wa nani?"

Kinyozi akamtazama Mwalimu. Mwalimu, ambaye hufundisha hesabu na hupiga kinanda, akainama ghafla kuchunguza vitufe kana kwamba kimoja kimepotea.

"Nimeteleza ulimi, Shemeji."

"Basi teleza tena. Wimbo wa nani?"

Ilikuwa saa tano asubuhi, sebuleni kwangu. Mume wangu, fundi friji, alikuwa ametimiza mwaka tangu atutoke, na saa nane wageni wangefika kumkumbuka. Bendi ilibaki na watu wawili, kwani yeye ndiye aliyekuwa na gitaa. Walipiga kwa mapenzi tu. Hakuna mtu aliyewahi kuwaalika mara mbili, lakini hilo halikumkatisha tamaa mume wangu hata siku moja.

Alikuwa na kigugumizi. Neno moja lilimtoa jasho, lakini akiimba hakukwama popote. Kila mwaka, siku ya ndoa yetu, alinipigia wimbo mmoja, akivuma tu bila maneno. Nikimuuliza maneno yako wapi, ananijibu, "Ya-yanakuja, mke wangu." Nilisubiri miaka thelathini, na sikuchoka, kwa sababu nilijua ni wimbo wangu.

"Pigeni kidogo," nikasema.

Kinyozi akapuliza taratibu. Ulikuwa ndio wenyewe.

"Huo si wangu huo?"

"Ndio huohuo, Shemeji."

"Sasa Karani ni nani? Mimi ni mshonaji. Sijashika faili tangu nizaliwe."

Wifi yangu, dada wa marehemu, aliyekaa kwenye kochi na mkoba mapajani, akakohoa.

"Kaka yangu hakuwa mtu wa mambo hayo," akasema. "Ingawa wanamuziki, unawajua tena."

Binti yangu akatoka jikoni akiwa na taulo begani. "Mama, Baba huyu huyu? Aliyekuwa akitugombeza kwa kuimba, na akifika kiitikio sote tunacheka? Kutongoza mtu tu kungemchukua wiki nzima."

"Angeimba," nikajibu.

Nikaweka sinia chini.

"Wimbo huo haupigwi hapa. Na mimi sitoki chumbani, wageni waje wasije, mpaka nimjue huyo Karani."

Nikajifungia. Sikulia. Nilikaa kitandani nikiwa na hasira na mtu ambaye siwezi hata kumnunia akaona. Nilikuwa nimemzika mume wangu mara moja. Sikutaka kumzika tena kwa sababu ya mwanamke wa ofisini.

Simu ikalia. Ujumbe wa Kinyozi, kutoka sebuleni, hatua kumi na mbili.

"Shemeji tulimwapia marehemu hatutasema. Tusamehe."

Nikamjibu: "Marehemu hayupo. Mimi nipo, na mkasi ninao."

Dakika haikupita.

"Namba ya Karani hii hapa chini. Yeye hakuapa."

Nikatoka nikiwa nimeshika simu. Wifi akasogea kochini, akanipisha.

"Weka spika," akasema. "Ya kaka yangu ni yetu sote."

Nikaweka. Iliita sana. Ikapokelewa na mwanamume mzee, sauti imekauka.

"Nani mwenzangu?"

"Mke wa fundi friji. Wewe na mume wangu mlikuwa na nini?"

"Bibi harusi," akasema, kwa furaha kabisa. "Mimi ndiye niliyewaandikisha ndoa. Dirisha la tatu."

Nikamkumbuka: masharubu, na kalamu nyuma ya sikio. Nilitamani kumkumbatia mzee wa watu kupitia simu.

"Sasa wimbo unatoka wapi, baba?"

"Siku aliyoleta karatasi, miwani yangu ilikuwa imevunjika. Nikafungua bahasha yako, nikampa fomu yako na cheti chako cha kuzaliwa anisomee. Akakwama neno la kwanza. Foleni ilishafika nje. Nikamwambia, kijana, imba tu tumalize. Akaimba fomu nzima, watu wakampigia makofi."

Bahasha ile niliibandika kwa gundi ya viatu. Nilimwambia, "Usifungue, mpe karani mkononi." Mama mkwe alikuwa ameapa kwamba mwanawe hataoa mwanamke aliyemzidi umri. Yeye alikuwa na miaka ishirini na saba, nami nikamwambia kila mtu, bwana harusi akiwemo, kwamba nina ishirini na mitano. Cheti cha ndoa nilikishonea ndani ya godoro wiki ileile. Tulibadilisha godoro mara nne, na kila mara nilikihamisha salama.

"Alipofika kwenye umri," Karani akaendelea, "sasa hapo ndipo..."

Nikairukia simu. Wifi alikuwa ameshaidaka.

"Endelea, baba. Umri ulikuwaje?"

"Hiyo ni siri ya ofisi, mama. Muulizeni mpiga tarumbeta. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi." Akakata.

Sote tukamgeukia Kinyozi. Alikuwa ametota jasho.

"Alituapisha, Shemeji. Alisema ukijua kwamba anajua, utaona aibu ndani ya nyumba yako mwenyewe."

Kumbe alijua, tangu kabla hajanioa. Na kila siku yangu ya kuzaliwa tulisherehekea miaka ya uongo, na yeye ndiye aliyehesabu mishumaa, polepole, asikosee uongo wangu.

"Tunaweza kupiga bila maneno," Mwalimu akasema kwa upole. "Kama alivyokuwa akifanya yeye."

"Maneno yana nini?" Wifi akauliza.

Ningeweza kumtuma jikoni. Ningeweza kunyamaza, na siri ikabaki godoroni. Lakini mume wangu alikuwa ameniambia kitu mbele ya foleni nzima, na mimi peke yangu ndiye ambaye sijakisikia.

"Imba, Kinyozi," nikasema. "Usiruke neno."

Akaweka tarumbeta chini, akaimba:

*Kazi yake ushonaji, cherehani yake moja,*
*Umri wake, Karani, thelathini na mmoja.*
*Andika yote, Karani, usipunguze hata mmoja,*
*Aliyoishi bila mimi, naitaka yote pamoja.*

Nikalia mpaka binti yangu akanipa taulo la jikoni, lenye harufu ya vitunguu, nikalia zaidi. Nilimpenda yule mwanamume. Nilikuwa nikimpenda kwa woga, siku zote nikiogopa karatasi moja, na yeye alikuwa amenipenda akiwa ameshaisoma.

Wifi alikuwa bado anahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo una sitini na miwili?"

"Ninayo."

"Mimi nina sitini."

"Najua, Wifi. Na nimekuamkia miaka thelathini na mmoja."

Akafungua mkoba, akaufunga. Akaangalia picha ya kaka yake ukutani kama anayemdai maelezo. Halafu akasema, kwa shida kubwa kuliko kigugumizi cha marehemu:

"Shikamoo, Wifi."

"Marahaba."

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, tukamfuata sote, na Wifi akaja mwisho kabisa, akijifuta macho na kuniita mwizi.

Saa nane nyumba ilijaa mpaka barazani. Walikuja wateja wake, walimu waliomwona kila kikao cha wazazi, majirani waliovumilia gitaa lake. Kinyozi alinitazama, nikamkubalia kwa kichwa. Waliimba wimbo wote, na kwenye ubeti wa umri nikaimba nao, kwa sauti.

Ulipokwisha, jirani mgeni, aliyehamia mtaani juzi tu, akaniinamia sikioni.

"Wimbo mzuri sana. Alimtungia nani, huyo wa thelathini na mmoja?"

"Mimi," nikasema.