Kisanduku cha Nyongeza

Kunja mdomo utakavyo. Ninyi wa siku hizi mkishashika simu mbili mnajiona mmeyamaliza ya dunia, mtu mzima akianza kusema mnakonyezana. Sawa, konyezaneni. Ila usije kuniambia kwamba yule mshonaji wa mtaani kwetu aliota, wala usiniambie ni uzee. Siku ya mkasa huu alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na hakuwa mtu wa kukimbia kivuli chake.

Ilikuwa enzi zile kompyuta zilipoanza kuingia majumbani. Siyo hizi bapa mnazobeba kwapani. Ilikuwa kama taipureta iliyokatwa kichwa: vitufe tu, unaiunga kwenye televisheni, na programu zinaingia kwa kaseti huku zikipiga kelele kama paka aliyebanwa mlangoni. Mkwe wa mshonaji alikuwa nayo moja. Alikuwa karani wa stoo, lakini mtaa mzima ulimwita Bisibisi, maana bisibisi haikumtoka mfukoni hata siku ya kuoa. Mashine hiyo aliipenda kuliko kula, na alivyokonda ilionekana.

Jioni hiyo, jua likizama, mshonaji alifunika cherehani yake akaenda kwa mkwewe kuchukua pasi. Pasi ya umeme, aliyompa akaitengeneze, na nyumbani kulikuwa na rundo la sare za shule zikingoja kunyooshwa. Hivyo ndivyo alivyowaambia majirani. Kilichompeleka hasa ni binti yake.

Binti huyo tangu utotoni walimwita Chiriku, kwa maneno. Akianza kukuhadithia alivyokwenda sokoni, sufuria yako itaungua jikoni na hajafika sokoni. Sasa wiki zilipita hajakanyaga kwa mama yake. Jirani mmoja alimwona dirishani, akampungia mkono. Chiriku naye akapunga. Akaendelea kupunga... akaendelea... mpaka jirani akaingia ndani kwake akavuta pazia.

Mshonaji alikuwa ameshaamua. Pasi mkono huu, binti mkono ule. Leo mwanangu analala kwangu, alijisemea njiani, na huyo Bisibisi alale na mashine yake.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Akabisha hodi.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mnaishi kwenye tanuri humu?"

Joto lilimpiga usoni. Taa haikuwashwa, mwanga ulitoka kwenye televisheni tu, wa buluu, wa kuumiza macho. Chumba kilinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine. Nywele zilizoungua.

Mashine ilikuwa imekaa mezani. Vile vitufe vyake vya mwanzo havikuwepo, Bisibisi alikuwa amepachika vya taipureta. Alikuwa ameitengenezea ganda la mbao na kuitia feni ubavuni. Nyuma yake kulikuwa na kisanduku cheusi, si kikubwa kuliko mche wa sabuni, na kutoka hapo nyaya zilitambaa kwenda kwenye vibao vya shaba, kibao kwa kibao, mpaka ukutani, kama utumbo wa kuku aliyepasuliwa.

"Umeipanua," mshonaji akasema, kwa adabu tu.

Ndipo Bisibisi akachangamka. "Ilikuja na vitufe vya mpira, mama, vinateleza kama sabuni. Nikavitoa. Halafu joto. Wengine wanaifunika kitambaa cha mezani, wanaiua wenyewe. Toboa matundu chini, hewa ipande. Na ukitaka kujua kama inafikiri, weka radio pembeni, katikati ya stesheni na stesheni. Utaisikia."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko ndani, ananyoosha."

"Kwa pasi ipi?"

"Ile ile yako, mama. Imeshapona."

Radio ilikuwa pale karibu na mashine, ikivuma taratibu. Mshonaji akaisogeza apate pa kuweka mkoba wake.

Ikaja nyepesi mkononi. Nyepesi kama bati la biskuti.

Akaigeuza. Nyuma ilikuwa wazi. Ndani hakukuwa na kitu. Hakuna spika, hakuna waya, hata betri. Kuta nne za plastiki na vumbi.

Na ilikuwa inavuma.

Akairudisha mezani polepole, kama mtu anayeweka yai. Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga... tik... tik... Akaitazama hiyo nayo. Mishale ilikuwepo. Nyuma ya mishale, mahali pa magurudumu, aliona rangi ya ukuta.

"Bisibisi," akasema. "Hii nyumba ina nini?"

Mkwewe akashusha sauti. Alinong'ona kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Chamani kwetu, sisi wenye mashine hizi, mama, sote tunanyofoa vipande. Radio iliyokufa, televisheni iliyokufa, ukiona kipande kinafaa unakilehemu kwenye mashine yako. Ni kawaida. Lakini hiki kisanduku cheusi nilipewa. Kinaongeza nafasi, mashine inashika mambo mengi zaidi. Aliyekuwa nacho kabla yangu alifariki. Waliobeba jeneza walisema hawajawahi kubeba jepesi namna ile."

"Na wewe ukakileta kwenye nyumba ya mwanangu."

"Kosa langu ni moja. Nilikichomeka mashine ikiwa inawaka. Kila mtu chamani anajua, unazima kwanza, ndipo unachomeka. Nilikuwa na haraka." Akaramba midomo. "Haikuungua. Ilinyamaza tu. Halafu radio ikaanza kunong'ona. Nikatoa kipande kwenye radio, nikakiunga. Radio haikufa, mama. Nikatoa kingine. Vyote nikavitoa, haikufa. Kitu kikishaingia huku, mashine inakiendesha kikiwa ganda tupu."

Pazia la chumba cha ndani likasogea. Chiriku akatoka ameshika pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mshonaji alingoja. Kwa kawaida hapo ndipo mafuriko yangeanza: mama umekonda, mama nani amekusuka, mama hujui yaliyonikuta. Hakuna. Binti aliweka shati mezani, akaanza kunyoosha kola. Mvuke ukapanda. Waya wa pasi ulining'inia, umekatwa, haukufika popote. Na pale juu, kwenye mpini uliolegea, mshonaji akachungulia. Ganda tupu.

Akaona heri amtazame mkwewe. Ndipo akauona mshono.

Ulianzia chini ya sikio, ukashuka shingoni, ukaingia ndani ya shati. Mshonaji alikuwa ameshona kila mshono unaojulikana, wa kujificha na wa kujionyesha, na huu hakuujua. Haukuwa wa uzi. Ulikuwa wa kijivu, unang'aa, na matone madogo yaliyoganda kando yake.

Risasi.

"Nani amekushona hivyo?"

Bisibisi akapandisha kola. "Mashine ilikuwa inakwama, mama. Inafika mahali inasimama, inataka zaidi. Na mimi..." Akatazama kuta, saa, radio, kama mtu anayehakikisha mara ya mwisho. "Mimi nilikuwa nimemaliza vitu."

Feni ilizunguka. Radio ikavuma.

Mshonaji alimpa mgongo. Alimgeukia binti yake. "Vaa viatu. Twende."

"Nimalizie kola, mama."

"Nimesema vaa viatu."

"Sawa, mama."

Na pasi ikaenda, ikarudi. Ikaenda, ikarudi, juu ya kola ileile. Kitambaa kikawa cha manjano. Kikawa cha kahawia. Moshi ukaanza.

Mshonaji akamshika kiunoni amvute. Alijikaza kama unavyojikaza kumvuta mtu mzima mwenye ukaidi wake.

Akamnyanyua juu.

Alimnyanyua bila kutaka, miguu yote miwili ikaachana na sakafu, kama mtu aliyedhani kapu limejaa kumbe ni tupu. Chiriku akakaa mikononi mwake, hana uzito zaidi ya nguo alizovaa. Hakushtuka. Alimtabasamia.

Mshonaji akaweka sikio kifuani kwa mwanawe.

Kimya.

Akalikandamiza. Akazuia pumzi yake mwenyewe ili asidanganyike.

Kimya...

Halafu akasikia. Si kifuani. Nyuma yake, kwenye radio tupu.

Du-du. Du-du. Sauti ya moyo wa mwanamume, nzito. Na juu yake nyingine, ya mbio, inayokanyagana kama mtu mwenye habari anayeogopa wengine watamtangulia. Hiyo hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Aliibeba tumboni.

Akamshusha binti yake sakafuni. Akaenda ukutani, palipochomekwa waya mkubwa wa mashine, akaushika. Ulikuwa na vuguvugu kama mkono wa mtoto mwenye homa.

Bisibisi hakuinuka kumzuia. Alinong'ona tu.

"Ukizima, mama, vilivyomo vyote vinapotea. Ndivyo zilivyo hizi. Nimejaribu kuvitia kwenye kaseti. Kaseti haivibebi."

"Basi mtoe. Ulivyomtia, mtoe."

"Sijui njia."

"Ulijua ya kuingiza."

"Aliniomba mwenyewe, mama. Alisema hawezi kukaa humu peke yake na ganda langu."

Mkono wa mshonaji ulikuwa bado kwenye waya. Kwenye televisheni herufi zikaanza kutokea, moja moja, vitufe vikishuka na kupanda bila mtu. Mshonaji alisoma shule ya msingi tu, lakini hilo neno lilimtosha kulisoma.

ONGEZA.

"Mama." Sauti ya Chiriku ilitoka kwenye radio. Midomo ya Chiriku ikafuata baadaye. "Mikono yako siku hizi inachoka. Huku haichoki. Wala hakuumi. Ni kama kuchanwa nywele jioni."

Mshonaji akamtazama huyu aliyesimama mbele yake, mwenye sura, mwenye tabasamu, asiye na kitu. Kisha akatazama kisanduku cheusi. Mwanangu ni yupi kati ya hawa? Akimbeba huyu, atafika nyumbani na gauni. Akivuta waya, ile mbio itakatika, na mkono ulioikata utakuwa wake.

Akangoja amsikie binti yake akisema lolote, la kijinga, la sokoni, la kumsengenya mtu. Radio ilivuma. Ile mbio ikaendelea.

Vidole vikaachia waya. Kimoja baada ya kingine.

Hakulia. Angelia kwa faida ya nani. Alikwenda kwa Chiriku, akamwondolea pasi mkononi asije akaichoma meza, akamnyooshea ukosi wa gauni kama alivyomnyooshea asubuhi za shule. Akampita mkwewe kama anayepita mbele ya kabati.

"Mama," radio ikasema, na midomo ikafuata, "funga mlango, mbu wanaingia."

"Nafunga."

Akashika kitasa. Kile kidole kilichogusa waya kwanza, kidole chake cha kusukumia sindano, hakikumwambia kama kitasa ni cha moto au cha baridi. Akakisugua kwenye nguo. Hakikumwambia kama nguo ni nguo.

Akatoka. Akaufunga mlango.