Kidole cha Kina Ndunguru

Kifananishi, mashine ya kuonyesha mtoto kabla mimba haijatungwa, kilimchora mtoto wa kike hewani, katikati ya chumba cha Daktari Winfrida. Kilichanganya chembe za Edeltruda na mbegu za mchangiaji asiyejulikana jina, kikamsimamisha binti wa miaka mitano aliyeumbwa kwa mwanga, akicheka na kupepesa macho. Jiji la Songea lilikuwa na mashine nyingi za ajabu zama hizo, lakini hii ndiyo iliyowatoa watu machozi.

"Mzuri jamani," alisema Edeltruda.

Meinrad, mumewe, alikunja uso. "Nionyeshe miguu."

Mashine ikaonyesha miguu. Vidole vilikuwa vimejipanga vizuri, na kwa kosa hilo Meinrad akamkataa, kama alivyowakataa wote waliomtangulia.

Mbegu zake mwenyewe hazikuwa na uhai. Siri hiyo waliijua yeye, mkewe na Daktari Winfrida tu. Lakini kwa kina Ndunguru, mtoto akizaliwa, bibi mzaa baba humfunua mbele ya kina mama, humkagua kuanzia miguuni, kisha hutangaza amemfuata nani. Na ukoo huo una kidole cha pili kinachopanda juu ya kidole gumba. Basi mhandisi mzima, mjenzi wa madaraja yanayojikarabati yenyewe, alikuwa akiihangaisha mashine katika hifadhi za mbegu za bara zima, akitafuta kidole kilichopinda!

Bangili ya Edeltruda, iliyosoma wasiwasi kutoka kwenye jasho, ikageuka nyekundu.

"Kaka Meinrad," alisema daktari, "kwa hali hii kanuni zetu haziniruhusu kuendelea. Itabidi nisitishe matibabu."

"Ana wasiwasi wa nini, na mtoto anamtaka mwenyewe?"

Edeltruda alivua bangili, akaiweka mezani. "Wasiwasi wangu ni wewe. Unatafuta mtoto wa kumdanganya mama, hutafuti mtoto wetu. Akizaliwa bila hicho kidole, utampenda? Nimechoka, Meinrad. Hata chakula hakipiti."

Maneno hayo yalimchoma. Akampigia mama yake. Mama Skolastika akatokea ukutani, anachambua maharage. Meinrad alimweleza yote bila kupamba.

Mama aliacha kuchambua.

"Kidole?" alisema. "Kidole hicho kilimfanya baba yako aende kanisani na kandambili mpaka anaingia kaburini. Leo wewe unamtafutia mtoto?"

Edeltruda ndiye aliyeanza kucheka.

"Sasa mama, mbele ya kina mama utasema nini?" aliuliza Meinrad.

"Nitasema ni wetu. Nani atanibishia, na bibi yake ni mimi?" Kisha akamgeukia Edeltruda. "Mkwe wangu, umekula?"

Edeltruda alitikisa kichwa, machozi yakimtoka huku bado anacheka.

"Meinrad! Mlishe mkeo kwanza. Hayo ya mashine baadaye."

Meinrad aliinuka, moyo wake mwepesi kuliko alivyoukumbuka kwa muda mrefu. Daktari akamuuliza amtafute mchangiaji gani mwingine.

"Hakuna mwingine, daktari. Binti yangu ni huyu," alijibu, akatoka kwenda kumtafutia mkewe ugali na samaki.